Kinga ya Mwili na Tegu Aliye Ubongoni
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Harufu ya pilau imekwisha kutufikia, kwa hiyo nitasema jambo moja tu.

Tuliolala bweni moja tunamkumbuka mwenzetu aliyekuwa na kifafa. Tukiwa Kidato cha Tatu alianguka usiku, povu likamtoka, nasi tukakimbia. Tuliambiana kwamba povu lile linaambukiza. Kesho yake mimi nilikuwa wa kwanza kuhamisha kitanda. Muhula uliofuata hakurudi.

Kifafa kina sababu nyingi, wala sisemi ya kwake ilikuwa ipi. Lakini sababu moja nimeijua kwa kazi yangu ya mifugo, nayo ni tegu wa nguruwe.

Tegu huyu huishi katika utumbo wa mtu aliyekula nyama ya nguruwe yenye mabuu, isiyoiva. Mayai yake hutoka na choo cha mtu huyo. Mwingine akiyameza kwa mikono michafu, maji au mboga, vijidudu hutoboa utumbo, huingia katika damu, na baadhi hufika ubongoni. Huko kila kimoja huwa kifuko cha maji, kikubwa kama punje ya mahindi. Basi asiyekula kitimoto asijione yu salama: mwaka 1992 madaktari walieleza habari za Wayahudi washika dini wa New York waliopatwa na ugonjwa huu.

Mtauliza, askari wa mwili wako wapi? Buu akiwa hai hutoa kemikali zinazoilaza kinga. Huzuia protini za damu ambazo kazi yake ni kushambulia wadudu, na huzinyamazisha chembe nyeupe. Kwa hiyo mtu aweza kukaa naye miaka bila dalili. Wanajeshi wengi wa Kiingereza waliotumikia India walianza kuanguka kifafa miaka kadhaa baada ya kuambukizwa. Habari za wagonjwa 450 wa namna hiyo zilichapishwa mwaka 1961.

Taabu huja buu anapokufa. Kemikali zile hukoma, maji ya kifuko huvuja, na kinga hushtuka. Chembe nyeupe humiminika mahali pale, ubongo huvimba, na uvimbe huo ndio unaomwangusha mgonjwa. Mwizi alipokuwa hai nyumba ilikuwa kimya. Amekufa, ndipo walinzi wanapovunja vyombo. Mwishowe hubaki kovu gumu kama chokaa, nalo pia laweza kuleta kifafa.

Ndiyo maana mgonjwa asijitibu kwa dawa ya minyoo ya dukani. Albendazoli huua mabuu, lakini kuyaua kwa ghafula ni kuamsha vita ile ile. Daktari huitoa pamoja na dawa za steroidi za kutuliza kinga, na dawa za kifafa. Na ubongo ukiwa umevimba sana, huanza kwanza na uvimbe.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika sehemu nyingi zenye tegu huyu, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Hapa kwetu amechunguzwa Mbulu na Mbozi. Kinga yake haihitaji shahada: choo, sabuni, nguruwe wa kufungiwa bandani, na nyama iliyoiva barabara.

Vijana, povu la kifafa haliambukizi. Mwenzenu akianguka, ondoeni vitu vya kumwumiza, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, wala msimshike kwa nguvu. Kaeni naye mpaka azinduke. Akizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Kisha mshaurini aendelee na matibabu, na masomo pia.

Sisi tulikuwa na darasa la baiolojia, na bado tulikimbia. Kama yuko hapa anayejua aliko mwenzetu yule, nitamwomba anipe habari zake baada ya chakula. Nataka nimwendee mwenyewe, nimtake radhi.