Safari katika Milima ya Cévennes

Nimeombwa niwaeleze habari za safari yangu katika nchi ya Ufaransa. Najua wengi wenu mnangojea habari za Paris na mnara wake wa chuma. Leo Paris tutaiacha. Nataka kuwachukua kusini ya nchi ile, katika milima iitwayo Cévennes, ambayo hata Wafaransa wengi huipita upesi wakikimbilia pwani.

Milima hiyo si mirefu sana. Kilele kipitacho vyote kimo katika mlima Lozère, nacho kina mita 1,699, yaani futi 5,574. Mchaga angekiita kilima. Huko juu hakuna miti mingi. Kuna majani, upepo, na mawe ya itale yaliyo makubwa kama nyumba, na wakati wa baridi theluji hufunika vyote. Lakini ukishuka upande wa kusini unaingia katika mabonde membamba, yenye kingo za kutisha, na mawe yake ni ya namna nyingine kabisa: ni ya bapa, hupasuka kama kurasa za kitabu. Watu huyatumia kwa kuta, na kwa kuezeka nyumba pia.

Jimbo la Lozère, ambalo sehemu kubwa ya milima hiyo imo ndani yake, lina watu chini ya 80,000, wachache kuliko jimbo lingine lo lote la Ufaransa. Mwaka 1851 walikuwa zaidi ya 140,000. Wanafunzi, ziandikeni hesabu hizo mbili, maana tutazihitaji.

Aliyeifanya milima hiyo ijulikane kwa wasafiri ni Mskoti, Robert Louis Stevenson, yule aliyetunga hadithi ya Kisiwa chenye Hazina ambayo baadhi yenu mmeisoma. Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 27, alinunua punda jike katika mji wa Le Monastier kwa faranga 65 na kinywaji juu yake, akampa jina Modestine, akamtwika mfuko mkubwa wa kulalia, akaondoka. Siku za kwanza punda hakutaka kwenda ila kwa mwendo wa konokono, na bwana wake alitaabika kuliko mnyama mwenyewe. Walisafiri siku 12, kiasi cha maili 120, mpaka Saint-Jean-du-Gard, ambako punda aliuzwa kwa faranga 35. Stevenson alimlilia baada ya kuachana naye. Kitabu chake kilitoka mwaka 1879, na leo njia yake imewekwa alama kwenye miti na mawe, na watu wengi huifuata kwa miguu kila mwaka. Wengine hukodi punda. Mimi sikukodi. Nilimlisha punda wa babu yangu tangu utotoni, nikaona yatosha.

Nilianza matembezi yangu katika kijiji cha Le Pont-de-Montvert, mahali ambapo mto Tarn hupita chini ya daraja la mawe, maji yake yakipiga kelele usiku kucha. Kijiji kimetulia kabisa. Hata hivyo hapo ndipo ilipoanza vita kali. Mfalme Louis wa 14 alikuwa ameifuta, mwaka 1685, sheria iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu kwa njia yao, na watu wa milima hii walikuwa Waprotestanti wengi. Mwezi wa Julai 1702 kikundi cha watu kilivamia nyumba ya padre aliyekuwa akiwafunga na kuwatesa, wakamwua. Wakulima na wachungaji wakapigana na majeshi ya mfalme miaka miwili, nao majeshi wakachoma mamia ya vijiji. Ukitaka kujua kwa nini nyumba nyingi za Cévennes zimejificha mbali na barabara, fikiri habari hiyo kwanza.

Kutoka hapo nilivuka mlima kwenda mabonde ya Saint-Germain-de-Calberte. Ilikuwa Oktoba, na njia yote ilijaa kokwa za mti ambao wenyeji huuita mti wa mkate. Si mshelisheli wetu wa pwani. Ni mti mkubwa, wenye shina nene, na matunda yake hufungwa katika ganda la miiba kama kalunguyeye. Ndani mna kokwa za rangi ya kahawia, tamu zikichomwa. Zamani kokwa hizo ndizo zilizokuwa chakula cha maskini, kwa kuwa ngano haiwezi kustawi katika magenge yale. Walizikausha katika vibanda vya mawe: kokwa juu, zimetandazwa kwenye dari ya fito, na chini moto wa moshi mwingi usiozimwa kwa wiki kadhaa. Halafu walizipiga ili kuondoa maganda, wakazipika supu au kuzisaga unga. Niliinywa supu hiyo. Ina ladha ya moshi na ya sukari kwa pamoja. Bakuli la kwanza nililimaliza kwa adabu, la pili nililiomba mwenyewe.

Baridi ya mwaka 1709 iliua miti mingi ya namna hiyo, na watu wakapanda miforosadi ili kuwalisha viwavi wa hariri. Basi fedha ikaingia vijijini. Lakini katika karne ya 19 viwavi walishikwa na ugonjwa, hata serikali ikamtuma mtaalamu mkubwa, Louis Pasteur, aende katika mji wa Alès mwaka 1865. Alifundisha kuwapima nondo majike kwa darubini baada ya kutaga, na kutupa mayai ya wale wagonjwa. Dawa yake ilifaa. Hata hivyo hariri ya Asia ilikuwa rahisi zaidi, na baadaye zikaja nyuzi za viwandani. Kiwanda cha mwisho cha kusokota hariri, kule Saint-Jean-du-Gard, kilifungwa mwaka 1965, na sasa jengo lake ni nyumba ya makumbusho. Miti ya mkate nayo ilipatwa na maradhi ya mizizi. Vijana wakashuka kwenye machimbo ya makaa ya mawe na kwenye miji, na vita ya 1914 mpaka 1918 ikawameza wengine. Sasa mnajua zile hesabu mbili zilitokana na nini.

Siku ya tatu ya safari yangu nilimkuta mzee mmoja kando ya njia, amepiga magoti mbele ya ukuta uliobomoka. Kifaransa changu ni cha vitabuni, chake kilikuwa cha milimani, lakini tulielewana. Aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kutazama uzuri wa maumbile ya nchi yake, nikanyosha mkono kuonyesha msitu wa ng'ambo ya bonde.

Mzee akasema, "Bwana mwalimu, utazame tena. Jua linatoka kushoto, fuata vivuli."

Nikatazama. Mara nikaona mistari katika msitu ule, mmoja juu ya mwingine, tangu mtoni mpaka karibu na kilele, kama ngazi. Zilikuwa kuta. Kilima kizima kilikuwa shamba la matuta, na kila tuta lilishikwa na ukuta wa mawe uliojengwa kwa mikono, na msitu niliousifu ulikuwa magugu tu yaliyoota baada ya wenyewe kuondoka. Mzee aliniambia kwamba mvua za huko zikianguka wakati wa masika yao ya Septemba na Oktoba, huanguka kwa nguvu za ajabu, na udongo hutelemka mpaka chini. Wazee wake waliukusanya katika vikapu, wakaupandisha tena mgongoni, kila baada ya gharika. Nilinyamaza. Nilikuwa nimetembea siku mbili katikati ya kazi hiyo bila kuiona.

Mwaka 1970 serikali iliifanya milima hiyo kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika, pamoja na nyanda za mawe za jirani, katika orodha ya urithi wa dunia, kwa sababu ya kazi hii ya wakulima na wachungaji. Ni heshima kubwa, lakini orodha haibebi mawe. Nguruwe mwitu hufukua chini ya kuta wakitafuta kokwa, jiwe moja hutoka, na mvua humaliza mengine. Binti wa mzee anafanya kazi katika mji wa Nîmes, naye huja wakati wa likizo. Jirani zake wa sasa ni mume na mke vijana waliotoka mjini. Wanafuga mbuzi na kulima vitunguu vitamu ambavyo matuta yale yana sifa navyo. "Hawajui bado," alisema mzee, "ila wanauliza." Nadhani aliwasifu.

Nilimwuliza kwa nini hatumii saruji. Akaeleza kwamba ukuta wa saruji huzuia maji, na maji yakijaa nyuma yake huuangusha wote kwa mara moja. Ukuta wa mawe matupu huyapitisha maji katika nafasi zake, tena hujengwa umeegemea kilima kidogo. Nikamwomba aniruhusu kuweka jiwe moja. Nikachagua la bapa, refu, zuri kwa macho, nikaliweka kwa urefu, uso wake wote ukionekana nje. Mzee akalitazama, akalitoa bila kusema neno, akaligeuza, akalisukuma ndani mpaka pakabaki ncha yake tu ya upana wa kiganja, kisha akaniashiria nimpe jingine.