Misitu, Maji na Kitabu cha Mihtasari

(Mazungumzo yaliyotolewa Mkwajuni mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Yako mazoea ya kudhani kwamba kutetea mazingira ni kazi ya wageni wenye mabango, na kwamba chama cha ushirika kazi yake ni kupima mazao, kugawa pembejeo na kulipa wakulima, basi. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Zikichunguzwa harakati mashuhuri za karne iliyopita, kadhaa kati ya zile kubwa zilianzia penye mkutano wa wazalishaji, wenye mwenyekiti, katibu, orodha ya wanachama na hoja iliyoandikwa.

Mfano ulio bora ni wa India. Mwaka 1964, katika mji mdogo wa Gopeshwar, kwenye milima ya Himalaya, Ndugu Chandi Prasad Bhatt na wenzake waliunda chama cha kuwapatia wanakijiji kazi kutokana na mazao ya msitu wao. Walikuwa wakitengeneza zana za kilimo. Mapema mwaka 1973 waliomba kibali cha kukata miti michache ya mbao nyepesi na imara ifaayo kwa nira na mipini. Idara ya misitu ikawanyima. Haukupita muda, miti ya namna hiyohiyo ikagawiwa kampuni ya mbali, ikatengeneze vifaa vya michezo. Mkulima akose nira ili mtu wa mjini apate raketi! Wanakijiji walikutana, wakajadili namna ya kuizuia kampuni bila kumpiga mtu, wakakubaliana kwamba wakataji wakifika, watu wataikumbatia miti. Mwezi wa Aprili 1973, katika kijiji cha Mandal, wakataji walirudi mikono mitupu. Harakati hizo zikaitwa Chipko, maana yake kukumbatia.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 1974, zamu ilikuwa ya kijiji cha Reni. Wanaume walikuwa wameitwa mjini kwa habari ya malipo ya fidia, na wakataji wakauona huo kuwa ndio wasaa wao. Bibi Gaura Devi, mjane aliyeongoza kikundi cha wanawake wa kijiji, alikwenda msituni na wanawake na wasichana ishirini na wachache, wakasimama baina ya shoka na mti mpaka wakataji wakaondoka. Mwaka 1980 Serikali ya India ilipiga marufuku kwa miaka 15 ukataji wa miti mibichi kwa biashara katika sehemu za juu za milima hiyo.

Simulizi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba watu wale waliipenda miti tu, kama mtu apendavyo maua. Sivyo. Walitaka nira, kuni na maji, na walikwisha kuona mafuriko makubwa ya mwaka 1970 yaliyoshuka kutoka milima iliyokatwa miti. Msitu kwao ulikuwa ghala, na ghala hilo lilikuwa likifunguliwa na mtu asiye mwanachama.

Huko Brazil mambo yalikuwa makali zaidi. Wagema mpira wa jimbo la Acre walijiunga katika vyama vya wafanyakazi wa mashamba, na tangu katikati ya miaka ya 1970 wakawa wanakwenda kwa makundi, wake na watoto wakiwamo, kusimama mbele ya misumeno ya matajiri wa ng'ombe. Kiongozi wao mmoja, Wilson Pinheiro, aliuawa mwaka 1980. Mwingine, Chico Mendes, katibu wa chama na baadaye kiongozi wa kile cha Xapuri, aliuawa nyumbani kwake tarehe 22 Desemba 1988. Mwaka 1990 Serikali ya nchi hiyo ilitenga eneo kubwa la msitu lenye jina lake, ambamo wagema huendelea kugema. Msitu umehifadhiwa, na watu wamo ndani yake na kazi yao.

Karibu na hapa, Kenya, Profesa Wangari Maathai alianzisha upandaji miti mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, kwa kuwa wanawake wa vijijini walikuwa wakilalamika juu ya kuni na maji. Mengi yamesemwa juu ya mapambano yake ya Uhuru Park mwaka 1989 na Nishani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004. Lakini kwa makatibu liko jambo dogo lenye faida kubwa zaidi: vikundi vile vililipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Malipo hayakutolewa kwa mche uliopandwa, bali kwa ule uliohesabiwa baadaye ukiwa hai.

Ndugu Wanachama, Tanzania nayo ina historia yake, na sehemu ya kwanza ya historia hiyo ni chungu. Serikali ya kikoloni ilipoona udongo wa milima ya Uluguru unamomonyoka, ilitoa amri ya kuchimba matuta. Amri ilitekelezwa kwa faini na vitisho. Waluguru waliona kwamba kazi ni nzito na kwamba katika udongo wao mwembamba tuta huutoa juu udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilitokea, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wenyewe ukaachwa. Udongo kweli ulikuwa ukimomonyoka. Kosa lilikuwa kwamba mwenye shamba hakuulizwa, na kwa miaka mingi baadaye neno "hifadhi" likawa na harufu ya faini.

Shinyanga ilikwenda njia nyingine. Nchi ile ilikuwa imekatwa miti ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata ikaitwa jangwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, haukufanikiwa kwa miche ya kigeni. Ulifanikiwa pale ulipoishika desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi. Visiki vilivyoachwa vilichipua vyenyewe. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta 300,000. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa hawana haja ya kufundishwa jambo hili, labda kukumbushwa tu.

Halafu kuna Duru-Haitemba, wilaya ya Babati, msitu wa miombo wa hekta 9,000 hivi uliozungukwa na vijiji vinane. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Mipaka ilipoanza kupimwa, wanavijiji walifanya kile afanyacho kila mtu anayekaribia kunyang'anywa: walivuna upesi kabla ya kufungiwa mlango. Ukataji ukazidi. Hapo viongozi walikuwa na busara ya kusimamisha mpango na kuwauliza wanavijiji kama wangeweza kuulinda wenyewe. Kuanzia mwaka 1994 kila kijiji kilichukua sehemu yake, kikaunda kamati, kikaweka walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake, kikaandika kanuni: mkaa hapana, kufyeka shamba jipya hapana, kuni kavu na dawa ruhusa, mti wa kujengea kwa kibali cha kamati. Walinzi walimfahamu kila mkataji kwa jina la baba yake. Mwaka 1995 kanuni zile zilipata nguvu ya sheria ndogo kwa kupitishwa na halmashauri ya wilaya, na ukataji ukapungua bila kuongezwa askari hata mmoja wa misitu.

Yaliyojaribiwa Babati na kwingineko ndiyo yaliyotiwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa sheria hiyo, kijiji chenye ardhi yake chaweza kutangaza hifadhi ya msitu wa kijiji, kuweka mpango wa matumizi na kubaki na mapato yake. Kilwa walifika mbali zaidi: mwaka 2009 vijiji vyenye mpingo vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora.

Sasa tumbaku. Wakulima wa Chunya na Songwe wanajua kwamba tumbaku ya mvuke haikauki kwa jua. Bani huwashwa moto usiku na mchana kwa siku zipatazo juma moja, kisha hujazwa tena, na hivyo hivyo mpaka msimu uishe. Kuni hizo hutoka katika miombo. Mkulima anayekata leo nyuma ya bani lake, kesho hukodi mkokoteni, keshokutwa hukodi lori, na gharama ya lori hulipwa kutoka katika kilo zilezile za tumbaku. Kwa hiyo msitu unaopungua ni makato juu ya mauzo, hata kama hauandikwi katika hati ya malipo. Kama angalikuwa karani anayekata fedha kiasi hicho, mkutano mkuu ungalikuwa umekwisha kumwita.

Jambo la pili la Mkwajuni ni dhahabu. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na wengi wa waliopo wana mzee aliyefanya kazi Saza au aliyechekecha mchanga mtoni. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata dhahabu, kisha huichoma. Ikichomwa, mvuke wake huvutwa na aliye karibu. Ikimwagwa, hufuata maji. Maji hayo, ya Mto Lupa na ya Mto Songwe (ule uingiao Rukwa, si ule wa mpakani uingiao Ziwa Nyasa), huishia katika ziwa lisilo na mto wa kulitoka. Kinachoingia Rukwa hubaki Rukwa, pamoja na samaki.

Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki katika ghuba. Walioumia kwanza walikuwa familia za wavuvi. Ugonjwa uliripotiwa rasmi mwezi wa Mei 1956. Watu walitetemeka, wakapoteza kuona na kusema, na watoto wakazaliwa nao. Mwaka 1959 vyama vya ushirika vya wavuvi vilidai fidia. Mwaka huohuo daktari wa kiwanda chenyewe alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua ugonjwa uleule. Habari hizo zilifichwa. Mwishoni mwa Desemba wagonjwa maskini waliletewa mkataba wa fedha kidogo, wenye kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho chanzo, hawatadai zaidi. Wakatia sahihi. Kiwanda kiliacha kumwaga zebaki mwaka 1968, na haikuwa mpaka tarehe 20 Machi 1973 ambapo mahakama iliamua kwamba kifungu kile ni batili. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, una jina la mji huo.

Kila katibu aliyepo hapa huwekewa karatasi mezani atie sahihi: mikataba ya kilimo, ya pembejeo, ya mikopo. Kifungu cha Minamata hakikuwa kirefu. Kilitosha kuwafunga watu miaka kumi na mitatu.

Chama cha msingi si serikali ya kijiji, wala hakina mamlaka ya kutangaza hifadhi. Hiyo ni kazi ya mkutano mkuu wa kijiji. Lakini wanachama ni wanakijiji walewale, na hakuna mtu kijijini anayetumia kuni nyingi kuwapita. Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliongeza msingi wa saba, wa kuijali jamii inayokizunguka chama. Hoja ya msitu ikipelekwa kijijini ikiwa imekwisha kujadiliwa na wanachama, pamoja na hesabu zake, haiwi tena malalamiko ya mtu mmoja.

Hesabu hizo kwa sasa hazimo. Daftari la mkulima lina jina, namba, ekari, mbolea, kilo na fedha. Panahitajika safu tatu zaidi: mabani aliyowasha, kuni alizotumia na mahali zilikotoka, na miche aliyopanda mwaka jana iliyo hai mwaka huu. Safu ya tatu ijazwe na mjumbe aliyekwenda shambani akahesabu, kabla ya mabani kuwashwa, ili mkutano mkuu wa mwaka usomewe jumla yake pamoja na jumla ya kilo.