Mnunuzi Hana Kipimo

Tangazo la juma hili, kwamba maduka yauzayo mabati membamba kuliko yanavyonadiwa yatafungwa, mmekwisha kulisikia, na wengi wenu mmelifurahia. Wala sisi hatuna ihtilafu na adhabu ya mdanganyifu. Linalotutia wasiwasi ni kuwa mkono wa sheria umekwenda kumkamata wa mwisho katika safu, yule mwenye duka, ilhali bati halikuzaliwa dukani, na mnunuzi, ambaye ndiye aliyedhulumiwa, angali hana kipimo.

Bati la paa ni chuma kilichobanwa hata kikawa chembamba, kikachovywa katika zinki iliyoyeyushwa ili kutu isikile upesi, kisha kikapitishwa baina ya magurudumu yenye mifuo kikatoka na migongo. Na hekima ya migongo ile, aliyoisajili kwa jina lake Mwingereza Henry Robinson Palmer mwaka 1829, ni kwamba bati lililo bapa hulegea, bali lenye migongo hujibeba lenyewe juu ya papi chache. Zinki ilifuata mwaka 1837, kwa Mfaransa Stanislas Sorel. Elimu njema hiyo, lakini haimfai kitu mtu asiyejua unene wa alichokilipia.

Nayo hesabu ya geji, ambayo kwayo unene wa bati hunadiwa, huenda kinyume: namba ikizidi, bati hupungua. Geji 28 hukaribia milimita 0.4, geji 32 haizidi sana robo ya milimita. Jicho halioni tofauti hiyo, na zinki mpya hung'aa sawasawa kwa yote mawili. Basi mjane aliyedunduliza fedha zake miaka na miaka hununua jina tu, jina lililoandikwa kwa wino ambao pengine hautaimaliza masika ya kwanza. Hana kipimo.

Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wao hulijua bati kwa mkono. Fundi wa matranka ya wanafunzi huchora mstari kwa msumari, akakata kwa mkasi, akalaza ukingo juu ya kipande cha reli na kuupiga kwa nyundo ya mti hata ukashikana na mwenziwe. Bati lililo dhaifu hupasuka papo hapo kwenye mkunjo, naye hulitupa kando, hasara ikawa yake. Lakini paa halikunjwi. Paa hungoja, na huku pwani, ambako hewa ya chumvi huila zinki kwa haraka, hadaa hudhihirika siku ambayo muuzaji keshahama mtaa, na stakabadhi, kama iliandikwa, haisemi neno juu ya unene.

Kwa hiyo twanasihi kwamba kipimo kianzie bandarini na kiwandani, koili, yaani bati likiwa bado limeviringwa, ipimwe kabla haijakatwa, na kila bati liandikwe unene wake kwa milimita, kwa rangi isiyofutika. Na kila soko liwekewe maikromita, chombo cha kupimia unene, mahali pa wazi, bila ada. Wenye mamlaka, msiishie kwenye kufuli za maduka! Pandeni hadi mlango wa kiwanda! Nanyi wanunuzi, hadi hayo yatimie, msitoe hata shilingi moja kabla unene haujaandikwa katika stakabadhi kwa milimita, ukatiwa sahihi. Na muuzaji atakayekataa kuandika, mwacheni na mabati yake.