Takataka, Kisima na Zebaki: Kipi Kianze?



Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya Serikali, ikiongozwa na Profesa Samwel Manyele, ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuamini, wala siwashangai. Mei 2009 maji yenye tindikali yalikuwa yamevuja kutoka mgodi wa North Mara hadi Mto Tigithe, na mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi.

Hatari hizo zilipata wasemaji. Leo natazama zile ambazo hazisemwi.

Ukiuliza Tarime mjini au Mugumu kero ya mazingira ni ipi, si ajabu ukajibiwa takataka za sokoni. Zinanuka, kila mtu anaziona, na diwani husimamishwa njiani kwa ajili yake. Lakini taka zikizolewa leo, kesho uvundo umekwisha. Kisima kilichochimbwa jirani na choo cha shimo hakinuki, na maji yake huenda ni maangavu. Kipindupindu kikiingia humo, mtaa mzima huugua kwa siku chache. Kwangu mimi kisima hicho kinatangulia taka, hata kama soko zima litanizomea.

Halafu kuna zebaki. Mchimbaji mdogo akishachenjua mchanga uliotoka kwenye karasha, hulichoma donge lake, pengine jikoni kabisa, mkewe mjamzito akisonga ugali pembeni. Mvuke hauonekani wala haunuki. Unaingia mapafuni, unafika kwenye damu, unapita hadi kwa mtoto tumboni na kuudhuru ubongo wake. Anayeharisha akiwahishiwa maji ya chumvi na sukari, mara nyingi hupona. Ubongo ulioharibika tumboni haurudi, na mwenyewe hakuulizwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kipo chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, mchimbaji akaitumia tena. Kwa hiyo hata mfuko wake unapona.

Waheshimiwa madiwani wa Tarime na Serengeti, mkikaa kwenye bajeti, mwulizeni afisa afya ni nyumba ngapi zinachoma donge ndani. Swali hilo halihitaji fungu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.