Fundi Sanifu Si Mhandisi Aliyeshindwa

Hotuba ya Kamati ya Elimu ya Jumuiya yetu, Houston, katika sherehe za Uhuru



Kila tarehe 9 Desemba tunaimba wimbo wa taifa, tunakula pilau, tunacheza muziki. Lakini waliopigania Uhuru wa mwaka 1961 walikuwa na kauli yao: Uhuru na Kazi. Leo tunaomba dakika chache tuzungumzie hilo neno la pili.

Mtoto akisema anakwenda chuo kikuu, tunapiga vigelegele. Akisema anakwenda chuo cha jamii kusomea teknolojia ya uhandisi, nyumba inakuwa kimya. "Watu nyumbani tutawaambia nini?"

Waambieni hivi. Wengi wetu tunaikumbuka Dar Tech, chuo kilichoanza mwaka 1957 na ambacho leo kinaitwa DIT. Waliotoka pale na FTC tuliwaita mafundi sanifu. Mhandisi alibuni mtambo, fundi mchundo alishika spana, na fundi sanifu alisimama katikati yao, anausoma mchoro na anaujua mtambo. Hiyo ndiyo kazi wanayosomea watoto hawa: hisabati, saketi za umeme, kuchora kwa kompyuta, kupima, na kutafuta kosa mashine inapogoma. Ni miaka miwili, krediti kama 60. Anayeishi katika eneo la chuo hulipa ada ndogo kuliko anayetoka nje, na analala kwao.

Sasa tuseme ukweli, maana hata sisi tumejikwaa. Kijana wetu mmoja alimaliza miaka miwili kwa alama nzuri, akaomba kuendelea na uhandisi chuo kikuu. Akaambiwa krediti zake nyingi hazipokelewi. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyeuliza, na sisi wa kamati tulikuwa wa kwanza kumpongeza siku alipojiandikisha. Alikuwa amechukua AAS, ambayo imekusudiwa kumpeleka mtu kazini. Anayetaka kuhamia chuo kikuu kwa kawaida huanzia AS, yenye kalkulasi na fizikia zaidi. Majina yanafanana kama mapacha, lakini njia zinaachana.

Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, ulizeni mambo matatu. Krediti hizi zitapokelewa na chuo kikuu kipi, na makubaliano hayo yameandikwa? Programu hii imeidhinishwa na ABET? Mtihani wa hisabati wa kuingilia ukoje? Mtoto asiyejiandaa huenda akapangiwa masomo ya ziada, yanayokula muda na fedha. Na anayeota leseni ya uhandisi aulize mapema sheria ya jimbo lake, kwa kuwa majimbo hayalingani.

Mwisho, tunawageukia wazee wetu. Wako kati yetu wenye FTC zilizolala sandukuni huku wao wakiendesha malori. Zitoeni. Kaeni mezani na watoto. Kanuni ya Ohm haijabadilika tangu mlipoisoma, na mtoto akiona baba yake anaijua, hatauonea haya ufundi tena. Kamati itaweka meza ya hisabati hapa ukumbini kila Jumamosi. Viti tunavyo. Tunawahitaji ninyi.

Uhuru na Kazi.