HITA YA MAJI NYUMBANI: DALILI ZA UBOVU, MATENGENEZO NA TAHADHARI

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Zamani hita ya maji ilikuwa chombo cha mahoteli na nyumba chache. Siku hizi imeingia katika nyumba nyingi za mjini na hata mashamba, na aghalabu hufungwa kwa ajili ya wazee, wagonjwa, wazazi waliojifungua na watoto wachanga, hasa msimu wa kipupwe. Hiyo ni neema. Hata hivyo, ni neema inayokutanisha maji na umeme mahali ambapo mtu husimama bila viatu na mwili umerowa. Kwa hiyo ubovu wa hita si jambo la kuahirishwa mpaka mwisho wa mwezi.

Namna hita inavyofanya kazi

Hita ya tangi ina sehemu tano ambazo inafaa kila mwenye nyumba azifahamu. Ya kwanza ni tangi lenyewe. Ya pili ni elementi, yaani chuma chenye waya ndani yake kinachochemsha maji. Ya tatu ni thamostati, ambayo hukata umeme maji yakifikia joto lililopangwa. Ya nne ni valvu ya usalama, ambayo hufungwa katika bomba la maji baridi ili kupunguza shindikizo na kuzuia maji yasirudi nyuma. Ya tano ni anodi, fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi.

Maji hayapati moto kabisa

Jambo la mwanzo ni kutazama kama umeme unafika: swichi imewashwa, fyuzi haikuungua, na saketi breka haikuanguka. Hita nyingi pia zina kitufe cha usalama ndani ya kifuniko, ambacho hujikata joto likipita kiasi. Umeme ukizimwa na tangi likapoa, fundi anaweza kukirejesha. Kikikata tena, basi thamostati ni mbovu, na kukibonyeza kila siku ni kujidanganya.

Ikiwa umeme unafika na maji bado ni baridi, elementi hupimwa kwa mita, umeme ukiwa umezimwa. Elementi nzima ya wati 2,000 kwa volti 230 huonesha takriban omu 26, na ya wati 1,500 omu 35. Mita isipoonesha njia yoyote, waya wa ndani umekatika na elementi haina budi kubadilishwa.

Maji yanachelewa kupata moto

Hapa watu wengi huilaumu hita bila ya kosa. Tangi la lita 50 likiwa na maji ya nyuzi 27 za Selsiasi huhitaji takriban yuniti 1.9 za umeme kufikia nyuzi 60. Kwa elementi ya wati 1,500, kazi hiyo huchukua saa moja na robo hivi. Lakini volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya elementi hubaki asilimia 61 tu, na maji yale yale huchukua zaidi ya saa mbili. Kabla ya kununua elementi mpya, inafaa volti zipimwe wakati wa jioni, ambapo matumizi ni makubwa.

Sauti ya kuchemka na kugonga

Kisiwa cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima hupita humo kabla ya kufika mferejini. Maji hayo yakipashwa moto huacha ukoko mweupe, kama ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko ukiigandia elementi, joto hushindwa kutoka, hita hupiga kelele, na mwishowe elementi huungua.

Dawa yake ni kuisafisha kila mwaka. Umeme huzimwa katika swichi kuu na kuhakikishwa kwa tesita kwamba haupo. Maji yaachwe yapoe. Kisha maji ya kuingia hufungwa, mfereji wa maji moto huachwa wazi ili hewa ipite, na tangi humwagwa. Fundi hufungua elementi baada ya kuandika mahali pa kila waya, huiroweka katika siki au maji ya ndimu mpaka ukoko ulainike, na hutia washa mpya. Anodi iliyobaki nyembamba ibadilishwe papo hapo. Tangi lijazwe mpaka maji yatoke mfululizo kwenye mfereji wa moto, ndipo umeme uwashwe.

Sharti hilo la mwisho lina uzito zaidi katika nyumba ambazo maji hutoka kwa zamu. Valvu ikiwa mbovu, maji ya tangi yanaweza kurudi katika bomba wakati maji yamekatika. Mtu akiwasha hita iliyo tupu, elementi huungua kwa muda mfupi.

Valvu inayodondosha maji

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 huongezeka kiasi cha theluthi mbili ya lita, na ziada hiyo hutoka kwa valvu. Matone machache wakati hita inafanya kazi si ubovu. Yakitoka mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, ama valvu imekwisha, ama shindikizo la maji ni kubwa mno.

Kosa kubwa ni kuiziba valvu kwa kizibo au mpira ili sakafu isirowe. Tangi lililozibwa, likikutana na thamostati iliyokwama, linaweza kupasuka kwa kishindo cha kuvunja ukuta. Iwapo mferejini patatoka mvuke, hita izimwe katika swichi kuu, watu waondoke chooni, na tangi liachwe lipoe lenyewe.

Mfereji unaotia ganzi

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mama hushika mfereji na kuhisi ganzi mkononi. Anapolalamika huambiwa kuwa ni umeme mdogo tu, avae ndara. Ukweli ni kwamba umeme umekwisha kupata njia ya kuingia katika maji, na kinachomwokoa leo ni ukavu wa sakafu. Kesho mtoto atasimama pale pale, amerowa, hana ndara. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hita ya namna hiyo izimwe katika swichi kuu saa hiyo hiyo, na isiguswe mpaka fundi wa umeme aliyesajiliwa aipime elementi pamoja na waya wa ardhi. Breka inayoanguka kila hita inapowashwa inatoa onyo hilo hilo. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuifunga kwa kipande cha waya, ni kumnyamazisha mlinzi ili mwizi apite.

Hita za bafuni zinazopasha maji papo kwa papo zinahitaji uangalifu zaidi. Hita ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 22, hivyo haifai kuchomekwa katika plagi ya kawaida ya ampea 13. Inahitaji waya wake mnene, breka yake, na waya wa ardhi uliohakikishwa. Kwa kuwa nyingi kati yake zina elementi iliyo wazi ndani ya maji, maji ya chumvi ya visima vya pwani huzidisha hatari ya kumfikishia umeme anayekoga. Wenye visima hivyo watafute aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Kila bafu lenye hita lifungwe pia swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30.

Umeme unapokatika

Wakaazi wa Unguja wanaukumbuka mkatiko wa mwaka 2008 uliochukua karibu mwezi mzima, na ule wa Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hata kwa mkatiko wa saa moja, ni vyema kuzima hita na kusubiri umeme utulie baada ya kurudi, kwani hita zote zikivuta kwa pamoja volti huyumba.

Ndugu Wananchi,

Kwa muhtasari, mwenye nyumba anaweza kutazama fyuzi, kusikiliza sauti, kuangalia matone, kupanga thamostati isizidi nyuzi 60, na kuchanganya maji baridi kabla mtoto hajakogeshwa. Kinachogusa waya ni kazi ya fundi. Gharama ya valvu, washa na waya wa ardhi ni ndogo, na roho ya mtu haina bei. Kila mwenye hita ananasihiwa aitazame leo jioni, kabla mtu wa nyumbani kwake hajaingia kukoga.