Mbwa Huyu ni wa Nani?



Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, mbwa hatembei barabarani bila kamba shingoni. Mwenye mbwa akitaka kumpa nafasi ya kukimbia, humpeleka kwenye kiwanja maalumu chenye uzio, akamfungulia humo, kisha akamfunga tena na kurudi naye nyumbani. Mji wa Berkeley, huko California, ulifungua kiwanja cha namna hiyo mwaka 1979, na leo viwanja hivyo vimeenea katika miji mingi.

Sisi wa Bariadi hatuna kiwanja hicho, wala hatukihitaji, maana mji mzima ni kiwanja. Kuanzia Somanda hadi Malambo mbwa huamka saa aitakayo, hupita buchani, hukagua jalala, huhudhuria mnada, na usiku huitisha mkutano wa hadhara chini ya dirisha la mtu mwenye kuwahi kazini alfajiri. Hakuna anayemdai kitambulisho.

Sisemi haya kwa kuwachukia mbwa. Mkoa wetu wa Simiyu ni mkoa wa wafugaji na wakulima wa pamba, na mbwa ni mlinzi wa zizi na wa nyumba. Mlinzi huyo hadai mshahara wala likizo. Ugomvi wangu ni na sisi wenye mbwa.

Mbwa akimfukuza mwizi, mwenyewe hujisifu mtaa mzima. Mbwa huyo huyo akimng'ata mtoto wa jirani, ghafla hana mwenyewe. "Huyo huja tu hapa kula makombo," tunasema, na mlango unafungwa. Lakini uchunguzi uliofanywa sehemu mbalimbali za Tanzania umeonyesha kwamba mbwa wasio na mwenyewe kabisa ni wachache. Wengi tunaowaita koko wana kwao. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: huyu ni wangu.

Ndugu wasikilizaji, kukana huko kunaua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kuanza chanjo na kurudi kwa siku atakazopangiwa. Mzazi anayetoka kijijini huko Meatu au Itilima hulipia nauli kila safari. Wakati huo mwenye mbwa yuko barazani, anasema hamjui.

Wapo wanaosema dawa ni kuwapiga mbwa risasi wote. Hasira yao naielewa, lakini hesabu inawakataa. Ukiua mbwa leo, nafasi yake na makombo yake vinarithiwa na mbwa mwingine kesho, na pengine uliyemwua ndiye aliyekuwa amechanjwa. Wataalamu wanasema dawa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliutokomeza ugonjwa huo kufikia 2014. Chanjo ilipolegea, ukarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, ukaondoka tena. Somo la Pemba ni kwamba chanjo inaweza, ila haikubali kusahauliwa.

Tena jambo hili si letu peke yetu. Mkoa wetu unapakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, unaofanana na surua, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliona mbwa wa vijiji vya jirani kuwa ndio chanzo kikuu. Mbwa tuliyemwachia huru hajui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Hivyo basi, nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mwenyekiti wa mtaa awe na daftari la mbwa na wenyewe, na mbwa aliyechanjwa avikwe ukanda wa kumtambulisha. Pili, mbwa alale nyumbani kwake, na mabaki ya buchani na machinjioni yafukiwe, kwa sababu jalala wazi ni hoteli ya mbwa. Tatu, siku ya chanjo ikitangazwa, mtu mzima ampeleke mbwa wake mwenyewe, badala ya kumtuma mtoto wa miaka saba avutwe na kamba.

Mji uliopokea sherehe za kitaifa za Nane Nane pale Nyakabindi mwaka 2018 hauwezi kushindwa na daftari moja kila mtaa. Viwanja vyenye uzio tutavijenga siku tukiwa na fedha. Kusema "mbwa huyu ni wangu" hakuhitaji bajeti, na tunaweza kuanza jioni hii.